Nilitaka Kuwahesabu Tu

Ni mimi. Nakiri mapema, kwa sababu nisipokiri mwenyewe mtu yeyote wa Mpui atanikiria na ataongeza chumvi. Ni mimi niliyesababisha watu wachinje kuku kijiji kizima asubuhi moja, kila kaya ikimsubiri mgeni yuleyule, na watoto wa pale hadi leo wakiniona nashuka kwenye basi wanapiga kelele, "Dada Kesho! Dada Kesho kaja!", na mimi hujifanya natafuta kitu kwenye pochi.

Jina langu halisi ni Fortunata. Naishi Sumbawanga mjini kwa shangazi, na kutengeneza programu za kompyuta nimejifundisha mwenyewe kwa laptopu ya mtumba ambayo betri yake ilikufa kabla haijafika mikononi mwangu (umeme ukikatika inazima palepale, kama mtu aliyepigwa kofi). Hilo la betri lishikeni, tutalihitaji. Jingine la kushika ni kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma mara tatu, na kitu kikiwa sahihi lakini hakijanyooka siwezi kukiacha, nitakigusagusa mpaka kinyooke au kivunjike. Mara nyingi kinavunjika.

Sasa, kule Mpui nyumbani kwetu kuna kikundi cha wakulima chenye mashine ya kupukuchulia mahindi. Mashine ni moja na kaya ni sitini na tatu. Kila msimu wa mavuno inavutwa na trekta nyumba kwa nyumba, kaya mbili kwa siku, tatu ikibahatika, na siku ikija kwako unaalika majirani waje kubeba, kumimina na kushona magunia, nawe unawapikia. Si kupika kwa kawaida. Ni ugali wa ulezi, kuku, na togwa ya kutosha, na anayewapa watu maharage matupu siku ya mashine yake atasemwa mpaka mvua zirudi. Kwa hiyo kujua zamu yako ni lini ni jambo zito kuliko mnavyofikiri.

Miaka yote zamu zilikaa kwenye daftari la Mzee Kalisto, mwenyekiti wa kikundi, ambaye huzisoma Jumapili nje ya kanisa baada ya misa. Aliyesimama mbali hasikii, asiyefika ndio kabisa, na kila msimu kuna ugomvi wa nani aliambiwa nini. Ndipo baba yangu mdogo Ozwadi, katibu wa kikundi, akasimama kwenye mkutano na kusema binti yao anajua kompyuta, atatengeneza programu ya kumtumia mtu meseji zamu yake ikifika. Mzee Kalisto akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, tujaribu siku moja. Ikiharibika, zamu zinarudi kwenye daftari, na wewe Ozwadi ukatibu unauacha, maana utakuwa umetuletea mchezo kwenye chakula cha watu."

Baba mdogo akajibu mbele ya wote, "Nakubali."

Halafu akanipigia simu. Hakusema mengi. "Fortunata, mwanangu, nimekuwekea ukatibu wangu. Usiniaibishe."

Nilitengeneza ile programu wiki tatu. Simu ya zamani ya kikundi niliiweka dirishani sebuleni kwa shangazi, mahali penye mtandao, nikaiunganisha na laptopu kwa waya. Programu inasoma orodha ya wanachama, simu inatuma. Jaribio lilikuwa Ijumaa, na wa kwanza kwenye orodha alikuwa Mama Skolastika, mjane anayeishi na binti yake mmoja pembeni ya barabara. Alhamisi mchana kila kitu kilikuwa tayari. Kilichobaki ni kusubiri saa kumi jioni, nimtumie Mama Skolastika meseji yake moja, nikalale.

Lakini juu ya skrini kulikuwa na maneno "Wanachama: 63", na ile 63 nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu.

Iliniudhi. Sijui nieleze vipi. Niliona aibu, kana kwamba fundi mwingine angeweza kupita sebuleni kwa shangazi, akachungulia, akasema, huyu dada idadi ya watu anaiandika kwa mkono! (Hakuna fundi anayepita sebuleni kwa shangazi. Anayepita ni paka.)

Hapa nivumilieni kidogo. Kwenye programu kuna thamani isiyobadilika, tunaiita konstanti: unaipa jina mara moja juu ya faili, na kompyuta inaipigia hesabu mapema, hata kabla programu yenyewe haijaanza. Unaweza kuiandikia namba, sitini na tatu. Unaweza kuiandikia saba mara tisa, ikajikokotolea. Au unaweza kuiambia, nenda kaulize sehemu fulani ya programu, jibu litakalotoka ndilo thamani yako. Na mimi nilikuwa na sehemu moja nzuri sana, nikiipa majina ya watu inarudi na idadi yao. Nikaipa orodha yote. Ikanijibu 63. Sikuandika namba hata moja kwa mkono! Nilijisikia kama msomi.

Nilichosahau ni kwamba ile sehemu kazi yake haikuwa kuhesabu. Kazi yake ilikuwa kutuma meseji. Inawatumia watu uliowapa, na ikimaliza ndipo inakuambia ni wangapi imewatumia. Mimi nililenga jibu tu, nikasahau kwamba ili jibu litoke lazima kwanza kazi ifanyike. Wenye fani wanaita jambo hili athari za pembeni: unaomba namba, na huko nje duniani kitu kinatokea. Lugha nyingi za kompyuta zinakataa katakata konstanti kufanya hivyo. Hii niliyojifunza mimi inaamini kwamba wewe ni mtu mzima na unajua unachofanya.

Na kuna la zaidi. Kile kihariri ninachoandikia, kwa wema wake, kila nikisevu kinazipigia hesabu konstanti zote upya na kunionyesha jibu kwa herufi za kijivu pembeni. Huhitaji kuanzisha programu, unasevu tu. Sasa ile betri. Mtu ambaye laptopu yake inazima umeme ukikatika hujifunza kusevu kama anavyopumua. Nilisogeza mstari, nikasevu. Nikabadilisha jina la konstanti liwe herufi kubwa, nikasevu. Nikaona herufi kubwa zinapiga kelele, nikarudisha ndogo, nikasevu. Nikarudisha kubwa. Kila mara ile 63 ya kijivu inachomoza pembeni, sahihi, tulivu, nami naitabasamia.

Ile simu dirishani ilikuwa inawakawaka. Mwanga wake ulinitoa kwenye umakini, nikailaza kifudifudi.

Shangazi alikuwa uani anachambua maharage. "Fortu," akaita, "hiyo simu mbona inatetemeka kama ina malaria?"

"Ni kawaida, shangazi!"

Mara kumi na moja. Nilikuja kuhesabu baadaye. Mara kumi na moja watu sitini na tatu walipata meseji hii: "Ndugu mwanachama, zamu yako ya mashine ni kesho asubuhi. Tafadhali andaa watu." Na ilipofika saa kumi jioni nikamtumia Mama Skolastika yake rasmi, programu ikaandika "Imetumwa: 1", nikazima kila kitu kwa fahari. (Majibu yalikuwa yanaingia. Niliyakuta baadaye: "Asante sana." "Mungu akubariki binti." "Nimepata zote, usitume tena.")

Ijumaa nilipanda basi la alfajiri, laptopu na simu ya kikundi zikiwa kwenye begi, nimevaa sweta mbili maana Julai ya kwetu haina mzaha, nikashuka Mpui jua likiwa linachungulia. Kitu cha kwanza nilichokiona ni moshi. Kila jiko lilikuwa linafuka. Kwenye kila ua maturubai yametandikwa, mahindi yamelundikwa, viti vimepangwa, na kijiji kizima kinanukia kuku. Nyie, mimi nilisimama pale barabarani na machozi yakanilengalenga. Nilidhani wanasherehekea programu yangu. Kweli kabisa. Nilijisemea, kumbe watu hawa wanathamini teknolojia.

Baba mdogo nilimkuta mlangoni amevaa shati la misa.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Akatazama huku na huku, akanikonyeza, jambo ambalo hajawahi kunifanyia tangu nizaliwe. "Nimeelewa ulichofanya. Si vizuri katibu kuanza, watasema. Lakini nimenyamaza. Jogoo yuko chunguni."

"Kuanza nini, baba mdogo?"

"Zamu! Si umeniandikia? Na ulivyotuma mara kumi na moja, nikamwambia mama yako mdogo, huyu mtoto anasisitiza."

Nilimwomba simu yake. Zilikuwa zimepangana kama matofali, kumi na moja, neno kwa neno. Nikataka kumuuliza kama kuna mwingine aliyepata, lakini sikuwahi, kwa sababu kelele zilikuwa zimeshaanza kwenye njia panda.

Mashine ilikuwa imefika. Masanja, dereva wa trekta, kijana wa wale waliohamia na ng'ombe wao upande wa Milepa, alikuwa amesimama juu ya kiti chake kama mwanasiasa, na chini yake watu zaidi ya ishirini wameizunguka mashine, kila mmoja ameshika simu yake juu.

"Kwangu imeandikwa kesho, na kesho ndiyo leo!"

"Hata kwangu!"

"Jamani," Masanja akalia, "mashine hii ina mdomo mmoja! Mnataka niikate?"

Mama mmoja alikuwa amemkabili jirani yake. "Agripina, jana nimekuja kukualika kwenye mahindi yangu, ukaniambia una shughuli. Nikakuuliza shughuli gani, ukasema ya kifamilia!"

"Na wewe nilipokualika si uliniambia una mgeni? Yuko wapi mgeni?"

"Mgeni ndiyo hii mashine!"

Ndipo nikaelewa kwa nini hakuna hata mmoja aliyenipigia simu kuuliza. Kila mtu alidhani amependelewa. Kila mtu alijua zamu ya kwanza haikuwa yake, akakaa kimya asije akaiharibu bahati, akachinja kuku polepole ili jirani asisikie.

Watu wakapisha. Mzee Kalisto alikuwa anakuja, daftari kwapani limefungwa kwenye mfuko wa plastiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye kompyuta?"

"Ndiyo mzee. Ni hitilafu ndogo tu. Narekebisha sasa hivi, natuma meseji ya samahani."

Ningesema samahani kwa mdomo, mambo yangeishia pale. Watu wote walikuwa mbele yangu! Lakini mimi nikataka samahani iliyonyooka. Mwenye duka la njia panda akatoa meza nje na waya wa umeme, nikaweka laptopu, nikaunganisha ile simu, kijiji kikanizunguka. Nikafungua faili, nikafuta maneno ya zamani ya meseji, nikaandika neno la kwanza, "Samahani", na vidole vyangu, bila kuniuliza, vikasevu.

Simu ikalia mfukoni mwa Baba mdogo. Ikalia ya Agripina. Zikalia mbele yangu, nyuma yangu, moja ikalia ndani ya ndoo, zote na milio yao, kwaya, tarumbeta, jogoo.

"Imeandikwa 'Samahani'," mtu mmoja akasoma kwa sauti.

"Ya nini?"

"Haisemi."

Nikaogopa, na nikiogopa naandika haraka. "Samahani ndugu". Nikasevu. Zikalia tena.

"Kwangu sasa inasema 'Samahani ndugu'."

"Samahani ndugu mwanachama kwa". Nikasevu.

"'Kwa' nini?" akauliza Masanja, ambaye hata mwanachama si mwanachama, anasomea kwenye simu ya mtu.

Aliyeokoa jahazi alikuwa Mama Skolastika. Alikuwa amesimama kando muda wote, ameshika ncha ya khanga. Akasogea mezani. "Mwanangu," akasema taratibu, "kila ukigusa hicho kidude cha hapo, sisi huku tunalia. Hebu gusa tena."

Nikagusa. Zikalia.

"Tena."

Zikalia. Watoto wakaanza kucheka na kudai waguse wao.

Nikatazama juu ya faili, na pale pembeni, kwa herufi za kijivu, tulivu kama siku iliyopita, ilikuwepo 63. Ndipo nikauona ujinga wangu wote kwa mara moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nikachomoa waya wa simu kwa nguvu mpaka kikombe cha mwenye duka kikaanguka.

Ikabidi nieleze. Nilisimama, nikaeleza mbele ya kijiji kwamba nilitaka tu ile idadi ya wanachama ijihesabu yenyewe, na njia niliyoitumia kuhesabu ndiyo hiyohiyo inayotuma.

Mzee Kalisto alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza Baba mdogo siku ile.

"Kwa hiyo ulitaka kujua tuko wangapi."

"Ndiyo mzee."

"Tuko wangapi?"

"Sitini na tatu."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua, mzee."

Akatikisa kichwa. "Mimi nikitaka kujua nina kuku wangapi, nawahesabu wakiwa hai."

Mtu akadakia kutoka nyuma, "Wangu hesabu imeshafungwa, yuko kwenye mchuzi!" na kijiji kikaangua kicheko, hata mwenye duka aliyekuwa anaokota kikombe chake akacheka. Mimi ningecheka pia, lakini nilimwona Baba mdogo. Yeye hakucheka. Alivua kofia yake, akasogea mbele.

"Nilikubali mbele yenu," akasema. "Ukatibu nauacha."

Kicheko kikazimika. Nilitamani anitukane. Angenitukana ningejua pa kuangalia. Lakini alisimama tu na kofia mkononi na lile shati lake la misa, na mimi nikawa natazama kamba za viatu vyangu.

Mzee Kalisto alifungua mfuko wa plastiki, akafungua daftari, akalamba kidole, akafunua. "Wa kwanza ni Skolastika," akasoma. "Skolastika, umeandaa watu?"

"Nilialika, mzee," Mama Skolastika akajibu. "Nyumba saba nimepita jana. Wote wana shughuli. Nimekaa tangu alfajiri na binti yangu tu, nikawa nasema mashine ikija niiambie ipite, sisi wawili hatuiwezi." Akajaribu kucheka. "Nikasema basi, nimekuwa mjane mpaka kwenye mahindi."

Agripina akatazama chini. Masanja ndiye aliyewasha trekta. "Kuku wamekwisha kufa," akapaza sauti juu ya muungurumo, "hamuwezi kuwarudisha bandani. Mimi naenda kwa mama. Anayetaka kula na mimi anifuate na chungu chake!"

Na wakamfuata. Sijawahi kuona kitu kama kile: vyungu, masufuria, ndoo za togwa, mikeka ya watu, vyote vinatembea kwa mstari kwenda kwenye ua mdogo wa Mama Skolastika, mpaka ua ukajaa na wengine wakakaa barabarani. Mahindi yake yaliisha jua halijafika utosini. Na kwa kuwa watu walikuwa pale, na wameshiba, mashine ikahamia kwa wa pili kwenye daftari na watu wakahama nayo, kisha wa tatu, kisha wa nne, mpaka jioni kaya saba zilikuwa zimemaliza. Mimi nilishona magunia. Nilishona mpaka kidole kikatoboka, nywele zimejaa vumbi la magunzi, na kila aliyepita na gunia aliniuliza, "Dada, zamu yangu ni kesho?" Kila aliyepita. Nilicheka na wa kwanza na wa pili, baada ya hapo nikawa naitikia tu.

Jioni Mzee Kalisto alimkuta Baba mdogo anakunja maturubai. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Ozwadi, ukatibu hauachwi leo."

"Nilitoa neno, mzee."

"Ulitoa. Na sasa mkutano ujao utahitaji mtu wa kuandika kumbukumbu za aibu hii, mimi mkono unatetemeka. Kaa. Zamu zinarudi kwenye daftari kama tulivyosema." Akanigeukia. "Wewe, Jumapili njoo na hiyo kitu yako. Nitasoma jina, nitasema tuma, ndipo utatuma. Nisiposema tuma, mikono yako iwe mapajani."

Usiku huo sikuigusa laptopu. Jumamosi niliifungua, nikarudisha mikono mapajani kama nilivyoagizwa, na simu ya kikundi nikaipeleka jikoni kabisa, chini ya ungo. Niliifuta ile konstanti yangu nzuri. Nikaandika 63. Kwa mkono. Na mpaka leo imekaa hivyohivyo, haijanyooka, fundi yeyote akipita sebuleni aicheke anavyotaka. Msimu huu amejiunga mwanachama mpya, nikafuta tatu nikaandika nne kwa kidole changu mwenyewe. Nimeapa: sitaiomba tena kompyuta jibu ninalolijua, na kabla sijauliza swali lolote nitachungulia kwanza swali lenyewe linatoka nje kufanya nini.

Ile Jumapili nilikaa nje ya kanisa, laptopu kwenye benchi, waya wa umeme umetoka kwa mapadre, watu wote wametoka misa na hakuna aliyeondoka. Walitaka kuona. Baba mdogo alisimama nyuma yangu na kalamu yake ya ukatibu. Mzee Kalisto akalamba kidole, akafunua ukurasa, akasoma jina la Agripina, akanitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tuma."

Nikabonyeza, nikafumba macho. Kimya. Upepo tu, na mtoto mmoja anakohoa. Simu sitini na mbili zilinyamaza. Kisha, ndani ya pochi ya Agripina, ikalia simu moja.